Mwanamke wa Mwisho wa Kanda

Mwanamke yule hutokea filamu ikishakwisha, watu wakiwa wameanza kutafuta viatu vyao. Majina ya waigizaji hupanda, muziki hunyamaza, chenga nyeupe hunyesha kwenye kioo cha runinga. Kisha chenga hupasuka, na katikati yake husimama mwanamke asiye na rangi, kilemba kichwani, mkono kiunoni, akimkodolea macho mtazamaji kama mama aliyekuta sufuria limefunuliwa.

Pale Bantama, mtaa mmoja wa jiji la Kumasi, Ghana, watu wenye akili timamu walikuwa wamemwona. Fundi cherehani mmoja aliirudisha kanda kabla ya siku yake, jambo ambalo wakodishaji wa video hawakuwahi kulishuhudia tangu biashara hiyo izaliwe. Mama muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, aliirudisha ikiwa imefungwa kwa leso iliyoombewa. Bra Ofosu, yaani Kaka Ofosu, mwenye duka la kukodisha video, aliiondoa rafuni, akaitia chini ya kaunta, na juu yake akaweka tofali. Hakujua pepo wa kanda huzuiwa na nini, na tofali ndilo lililokuwa karibu.

Habari hizo zilimfikia Birago akiwa katika kipindi cha toba. Hilo ndilo jina ambalo shule yake ilikipa.

Birago alikuwa na miaka kumi na sita na kipaji kimoja ambacho walimu hawakukitilia maanani mpaka kilipowapata wao. Aliweza kuitoa kinywani mwake sauti ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia. Asubuhi moja, kabla ya kengele, aliinua sauti ya mkuu wa shule kupitia dirisha la bafu na kuamuru bweni zima lijipange uwanjani kwa ukaguzi wa mito, kila mtu na mto wake kichwani. Wasichana walitii. Kufikia hapo lingekuwa kosa ambalo adhabu yake ni kufagia majani. Lakini matroni naye alitoka, amevaa kanzu yake ya kulalia, mto wake wenye maua kichwani, akasimama mstari wa mbele. Kwa ajili ya mto ule, na si kwa ajili ya mingine yote, Birago alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili akatafakari.

Wazazi wake walikuwa safarini, kwa hiyo alitafakari kwa babu yake, Nana Tenkorang, mzee wa kanisa, aliyesifika kwa sala ndefu na maneno machache. Nyumba ilitunzwa na Anti Dufie, binti wa Nana, mwanamke wa miraba minne aliyefunga kila siku kilemba kilekile cha marehemu mama yake: kitambaa cha mbayuwayu wanaoruka, chenye doa la mawese pembeni ambalo halikuwahi kushindwa na sabuni yoyote ya Ashanti.

Nana alikuwa akipofuka. Presha ya macho, daktari alisema, na imechelewa. Kabla ya mvua kubwa kurudi atabaki na giza. Rangi ndizo zilizotangulia kuondoka. Shati jekundu na shati la kijani kwake yalikuwa mapacha. Kilichobaki ni mwanga na kivuli, na navyo vilikuwa vikifunga virago polepole.

"Mjukuu," alimwita siku ya pili. "Una miguu ya kuzurura?"

"Ninayo, Nana. Ndiyo iliyonileta hapa."

"Basi izurure na faida. Kabla mlango huu wa macho haujafungwa nataka kumwona Maame Sapomaa. Mara moja tu. Zamani zile walikuwa wakivionyesha vipindi vyake kwenye runinga, baadaye wakavitia kwenye kanda. Nitafutie kanda."

Uani, Anti Dufie aliacha kumenya ndizi. "Bado anamtaka huyo mwanamke," alimnong'oneza Birago. "Sikia, nilikuwa mdogo lakini sikuwa kipofu. Kipindi kilipoanza tu, mama alikuwa anainuka sebuleni na kwenda zake. Hasemi kitu. Anakwenda kukaa jikoni bila moto. Wewe unafikiri kwa nini?"

"Labda hakupenda vichekesho."

"Vichekesho gani! Mzee alikuwa dereva wa lori la lile kundi la maigizo. Dereva na mwigizaji wa kike, safari za mwezi mzima. Haya, nenda kamtafutie. Na usiniulize zaidi, mimi sikusema kitu."

Birago alizurura. Alianzia Adum, akashuka Kejetia, akauliza katika kila kibanda kilichotundika picha za filamu. Wauzaji walikuwa wamehamia kwenye sidii, zikining'inia mlangoni kama vioo vya mganga, na walimsikiliza kwa huruma ambayo watu humpa anayeulizia bei ya mafuta ya taa penye umeme.

"Nyeusi na nyeupe? Dada, hizo ziliharibika zote."

"Ziliharibika vipi?"

"Si rangi ilitoka?"

Mwingine alimshauri amnunulie babu yake filamu ya mieleka, ina rangi mpaka zinamwagika. Wa tatu alikumbuka kwamba mtu wa Accra aliyekuwa akizinakili alihamia kwenye sidii na vitu vyake vyote, ila zile hakuhama nazo. Birago, aliyekuwa ameondoka nyumbani akiona ni mzaha mwema wa kupitisha toba, alianza kukasirika. Kutafuta kitu adimu kuna utamu wake. Kutafuta kitu ambacho kila mtu anakwambia kilikufa, na hakuna aliyekwenda maziko, kuna uchungu wa namna nyingine.

Ndivyo alivyofika kwa Bra Ofosu, hatua chache tu kutoka kwao, mahali ambapo angeanzia kama asingeona aibu ya kuanzia karibu.

"Maame Sapomaa," alisema Bra Ofosu, na uso wake ukalegea. "Nilikuwa na rafu nzima. Yule mwanamke, loo. Alikuwa na ulimi ungeweza kumenyea viazi vikuu."

"Ziko wapi sasa?"

"Watu walizirudisha. Wote neno moja: Bra, rangi imekufa, nirudishie changu. Nikawaambia zilizaliwa hivyo. Wakasema nisiwafanye wajinga, runinga zao ni za rangi, zimetoka Ujerumani. Nikampa fundi azirudishie rangi. Akakaa nazo, akazipangusa na spiriti, akasema rangi zimekataa." Alikuna kidevu. "Nifanye nini? Nikarekodi filamu mpya juu yake. Kanda ni kama shamba, sista. Ukiacha mihogo, unapanda mahindi."

"Umeng'oa mihogo yote?"

"Yote. Na sasa hata mahindi hayaliwi." Akaonyesha ukutani sidii, ambazo ndizo wateja walizotaka sasa.

Birago akainama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinama akaona tofali.

"Na hili tofali linalalia nini, Bra?"

Akasimuliwa yote: chenga, kilemba, fundi cherehani, leso. Kanda yenyewe ilikuwa *Machozi ya Mkwe*, filamu ya heshima yenye mchungaji, mchawi na gari jekundu, wala hakuna aliyejua mwanamke yule aliingiaje. Ijumaa itachomwa moto kwenye kikundi cha maombi. Mchungaji ameshatangaza, na kitu kikishatangazwa sharti kiungue.

Hapa yapasa kusema ukweli kuhusu Birago: hakumfikiria babu yake hata kidogo. Alimfikiria Anti Dufie, ambaye huogopa mpaka mjusi, akiwa amesinzia kitini baada ya chakula, na mwanamke asiye na rangi akimwamkia kutoka kwenye kioo. Alikunja uso ukawa uso wa mjukuu wa mzee wa kanisa.

"Bra Ofosu, kitu hiki kabla ya moto kinataka mzee wa kanisa. Nipe mpaka Alhamisi. Babu yangu atakiombea."

Bra Ofosu alikitoa chini ya tofali kwa vidole viwili. Hakudai hata senti ya kukodi.

*

Mtego ulitegwa Jumanne, baada ya mlo wa mchana. Filamu ilikwenda na machozi yake. Mchawi alipotubu Anti Dufie alikuwa ameshalala, kidevu kifuani, mbayuwayu wa kilemba chake wakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nana alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, uso umeelekea dirishani. Filamu za rangi kwake zilikuwa uji uliokorogwa. Majina yalipanda. Chenga zikanyesha. Birago akajisogeza mahali ambapo angeuona vizuri uso wa shangazi yake.

"Na huu ndio wakati wa kurudi nyumbani?" ikauliza sauti kutoka kwenye runinga.

Anti Dufie alikoroma. Aliyeshtuka ni Nana.

Birago aligeukia kioo, na mzaha wake wote ukamponyoka. Alitegemea pepo. Alichokiona ni chumba, kipande cha mihogo ambacho mahindi ya Bra Ofosu hayakukifunika: meza, karai jeupe linalong'aa kama mwezi, ukuta mweusi, na mwanamke. Hapakuwa na gari jekundu la kumsaidia. Hapakuwa na muziki wa kumwambia mtu lini alie. Kila kitu kilifanywa kwa uso ule na mwanga ulioangukia juu yake, na uso ule ulitosha. Nyusi moja ilipopanda, ilikuwa hukumu. Ilipoteremka, ilikuwa msamaha wenye masharti. Mbele yake alisimama mume, kofia mkononi, akiapa kwamba tangu asubuhi hajatia kitu kinywani, huku ndevu zake zikimeta kwa mchuzi.

Mwanamke hakugomba. Alikwenda taratibu, akachukua kioo cha mkononi, akakishika mbele ya mumewe kama mtu anayemwonyesha mgeni picha ya ukoo.

"Mume wangu," alisema, "huyu mgeni uliyekuja naye kinywani anaitwa nani?"

Birago alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. Na katika kicheko hicho aliona mambo mawili. La kwanza, kilemba cha mwanamke yule kilikuwa na mbayuwayu, weupe juu ya weusi, wale wale waliokuwa wakipanda na kushuka kichwani kwa Anti Dufie. La pili, babu yake alikuwa ameinuka. Alikuwa amefika kwenye runinga, pua karibu iguse kioo, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Ilikuwa ikisema maneno ya mwanamke yule, nusu pumzi kabla mwenyewe hajayasema.

"Mwambie mgeni wako," walisema wote wawili, "mwambie kwamba—"

Kanda ikafika mwisho. Deki ikatoa mlio wa kukoroga, ikaanza kurudisha.

Anti Dufie alikohoa usingizini, akaendelea.

"Nana," Birago alisema polepole. "Hukuwa dereva."

"Niliendesha," alisema Nana, bado ameelekea kioo cheusi. "Mara moja. Nikaliingiza lori mtaroni. Wakaona afadhali nivae gauni."

Yalimtoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi. Siku zile wanawake wa maigizo walikuwa wanaume waliovaa gauni, na Maame Sapomaa alikuwa yeye. Kila mtu alijua, ila waliokuwa wakimpenda Maame Sapomaa hawakutaka kujua. Mkulima mmoja wa kakao alileta vinywaji vya posa mpaka mlangoni pa studio. Kamera za siku zile zilikuwa haziijui nyekundu, ziliigeuza shimo, hivyo walimpaka midomo rangi ya kijani. Chumbani alionekana kama chura. Kwenye kioo alikuwa mrembo wa nchi nzima. Wala hapakuwa na kurudia. Ukikosea, Ghana yote imeshakuona.

"Baadaye nikawa mzee wa kanisa," alisema. "Hadithi ya lori ilieleweka zaidi."

"Na bibi? Anti anasema alikuwa anaondoka sebuleni."

Nana alicheka, kicheko chembamba ambacho Birago hakuwahi kukisikia. "Kile kilemba kilikuwa chake cha Jumapili. Nilikichukua bila ruhusa. Kilichokipata siku ile hakuweza kukitazama."

"Kilipatwa na nini?"

Mzee alikuna paji la uso, na Birago akaona kwamba hakuwa akificha. Alikuwa akitafuta. "Kiko kwenye sehemu inayofuata. Pamoja na kile Sapomaa alichomwambia yule mume. Sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa, mjukuu, na imenitoka. Watu waliangua kicheko, halafu wakanyamaza. Nilitaka kanda nimsikie akiisema." Aliipapasa deki kama mtu anayepapasa kichwa cha mbwa. "Lakini nimemwona. Rangi zote zimenikimbia, yeye nimemwona sawasawa. Huyu alitengenezwa kwa ajili ya macho kama yangu."

Usiku huo na siku iliyofuata Birago alitembea kimya, jambo lililomfanya Anti Dufie amnyweshe dawa ya malaria. Alikuwa akijifikiria. Miaka yote aliigiza sauti za watu ili aonyeshe walivyo wadogo. Babu yake alichukua sauti ya mwanamke asiyekuwapo, akamfanya mkubwa kiasi kwamba mtu alimpelekea posa. Kumbe kipaji kilekile kina milango miwili, na yeye alikuwa amezoea ule wa uani.

*

Alhamisi, kwa mvuke wa birika, aliibandua karatasi ya jina kwenye kanda. Ufundi huo aliupata bwenini, na si lazima hapa kueleza aliupataje. Karatasi aliibandika juu ya kanda nyingine iliyokuwa kabatini, ya mwalimu mmoja akifundisha sehemu na desimali. Ijumaa, mbele ya kikundi cha maombi, hesabu za sehemu zilichomwa kwa nyimbo na makofi. Bra Ofosu alifuta jasho kama mtu aliyetuliwa gunia. Nana, kwa heshima ya umri wake, aliombwa afunge kwa sala. Watu walisema baadaye ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na kwamba "amina" yake ilitoka nyembamba kidogo, pengine kwa sababu ya moshi.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya toba. Uani Anti Dufie alikuwa akitwanga ndizi na mihogo ya fufu, na mchuzi wa mawese ulikuwa umeepuliwa, umeachwa upoe jikoni bila mlinzi. Birago alipita hapo. Hakukaa. Aliingia sebuleni akitafuna, akafunga mlango nusu, akaitia kanda na kuipeleka mbele hadi mwisho wa filamu, taratibu, kwa kuwa utepe ulikuwa umechakaa na kila safari iliukwangua kidogo.

Walimtazama tena. Karai likang'aa. Nyusi ikapanda. Nana alikuwa amevuta kiti mpaka magoti yakagusa meza ya runinga. Birago alisimama nyuma yake, na mume alipoapa hajala kitu tangu asubuhi, aliapa pamoja naye, kwa sauti yake, kwa kwikwi zake, hata kwa kile kikohozi cha mwongo.

"Mwambie mgeni wako, mwambie kwamba—"

Kanda ikaisha. Kioo kikawa cheusi.

Birago alidakia. "Mgeni gani, mke wangu?" alisema kwa sauti ya yule mume. "Mimi sijaja na mgeni."

Mabega ya Nana yalinyooka. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe. Aligeuka, na kwa macho yake ya mwanga na kivuli akakiona kinywa cha mjukuu wake, nacho kilikuwa na kivuli kisichokuwa chake, kinachometa kwa mchuzi.

"Mwambie mgeni wako," alisema Maame Sapomaa.

Uani mchi ulisimama.

"Birago," Anti Dufie aliita. "Acha kumwigiza mwanamke huyo. Na nyama ya kwenye mchuzi iko wapi? Nakuuliza wewe."

Ndara za Anti Dufie zilianza kuja, na kila hatua ilikuwa na hasira yake. Mzee angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka mingi ya mazoezi. Badala yake aliipandisha sauti ile, safi, changa, yenye chumvi, ikajaa sebule.

"Mwambie kwamba aliyempika alikulisha, namshukuru. Lakini alikuacha utembee mji mzima na kinywa kichafu. Mume wangu, anayekulisha ni mmoja." Alipumua. "Anayekupangusa ni mwingine."

Mlango ulifunguliwa. Anti Dufie alisimama kizingitini, mchi mkononi, kinywa wazi, akimtazama baba yake, ambaye sauti ile ilikuwa bado inamtoka usoni. Nyuma yake jua la uani lilikuwa kali, na kichwani kwake mbayuwayu walikuwa weusi na weupe.

Nana alinyoosha mkono kuelekea mwanga ule. Akaishika pembe ya kilemba, upande wenye doa, akaivuta kuelekea kinywani mwa Birago ili ampanguse, kama siku ile ya yule mume. Haikufika.

Anti Dufie alilitazama doa, akamtazama baba yake. Kisha, yeye aliyekuwa amekuja kugomba, akauegemeza mchi ukutani, akasogea hatua moja, akainamisha kichwa ili kitambaa kifike.